Mkono wa Kijerumani katika urithi wa kiti cha enzi cha Japani: kisa cha Sheria ya Nyumba ya Kifalme, 1886–1889

Mwaka 1886 maofisa wa Wizara ya Nyumba ya Kifalme mjini Tokyo waliandika rasimu ya kanuni za ukoo wa mfalme. Rasimu hiyo ilitanguliza wanaume wa kuumeni, yaani wale ambao nasaba yao huhesabiwa baba kwa baba bila mama kuingia katikati. Lakini iliacha njia: wanaume hao wakiisha, mwanamke wa ukoo angekalia kiti, na wazawa wake wangeweza kumfuata. Tarehe 11 Februari 1889, siku ileile ilipotangazwa Katiba ya Meiji (jina la mfalme wa wakati huo), Sheria ya Nyumba ya Kifalme, Kōshitsu Tenpan, ilikamilika ikiwa na ibara 62. Ibara ya kwanza ilisema kiti kitarithiwa na mwanamume, mzawa wa kuumeni. Njia ya rasimu ya 1886 haikuwemo tena.

Ni nani aliyeiziba, na kwa zana za nani? Jibu linalorudiwa mara nyingi ni kwamba Wajapani walinakili Prussia, ufalme mkuu wa Kijerumani. Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ukifuata rasimu moja hadi nyingine, unaona kwamba Wajerumani walitoa umbo la sheria na msamiati wake mwingi, ilhali maamuzi ya kuziba yalikatwa na Wajapani wenyewe. Katika jambo moja kubwa, la mfalme kung'atuka, mwanazuoni wa Heidelberg, Ujerumani, aliacha mlango wazi na ni waziri wa Kijapani aliyeufunga.

Kiti kilivyokuwa kikirithiwa kabla

Ili kuelewa kilichobadilika, tazama mwaka 1779. Mfalme Go-Momozono alifariki akiwa na miaka 21 akaacha binti mchanga, hana mwana. Kwa sheria ya kifunguamimba wa kiume, hapo mstari wake umekatika. Wajapani wa wakati ule hawakutetereka. Yalikuwepo matawi manne ya kudumu ya ukoo, Fushimi, Katsura, Arisugawa na Kan'in, na moja ya kazi zao ilikuwa hiyo hasa: kutoa mrithi nyumba kuu inapokauka. Mtoto wa miaka minane wa tawi la Kan'in aliasiliwa kuwa mwana wa marehemu, akatawazwa kwa jina Kōkaku.

Aliyemwangalia na kumwelekeza mtoto huyo ni mwanamke aliyewahi kuwa mfalme. Go-Sakuramachi alikuwa ametawala kuanzia 1762 hadi 1770, akikishika kiti mpaka mpwa wake, Go-Momozono, alipokua kidogo, kisha akang'atuka. Yeye ni wa mwisho kati ya wanawake wanane waliotawala Japani kwa vipindi kumi, wawili wao wakiwa wametawala mara mbilimbili. Binti mchanga wa marehemu naye baadaye akaolewa na Kōkaku. Mwaka 1817 Kōkaku aling'atuka kwa hiari akamwachia mwanawe Ninkō, ambaye mama yake mzazi alikuwa suria.

Tumekieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu ndani yake zimo njia zote tano zilizouokoa ukoo kwa zaidi ya miaka elfu: mwanamke kutawala, mfalme kung'atuka, kuasili mtoto, mwana wa suria kurithi, na tawi la pembeni kuleta mrithi. Nasaba ya mfalme wa sasa inatoka kwa Kōkaku moja kwa moja. Sheria ya 1889 ilifuta tatu za kwanza na kuziacha mbili za mwisho.

Umbo lilikotoka

Hermann Roesler, mwanasheria aliyekuwa profesa Rostock, alifika Tokyo mwaka 1878 kuishauri Wizara ya Mambo ya Nje. Inoue Kowashi, mwandishi mkuu wa nyaraka za serikali na mtu aliyezijua sheria za Ufaransa kabla ya kuzigeukia za Kijerumani, alianza kumpelekea maswali ya kikatiba. Julai 1881 waziri Iwakura Tomomi aliwasilisha misingi ya katiba iliyoandikwa na Inoue kwa msaada wa majibu hayo. Mmoja wa misingi ulisema kwamba urithi wa kiti una kanuni zake tangu enzi za mababu, utaandikwa katika kanuni za ukoo wa kifalme, na hauna haja ya kuelezwa katika katiba ya nchi.

Tarehe hiyo ni muhimu. Itō Hirobumi, kiongozi wa serikali aliyepewa kazi ya kuandaa katiba, hakuondoka kwenda Ulaya hadi Machi 1882. Alisoma Berlin kwa Rudolf von Gneist na mwanafunzi wake Albert Mosse, na Vienna kwa Lorenz von Stein, akarudi Agosti 1883. Kwa hiyo wazo la kuutenga urithi na katiba lilishakuwa mezani kabla hajapanda meli. Safari ilimpa lugha ya kulitetea.

Lugha hiyo ilikuwa ya sheria za nyumba. Koo kuu za Kijerumani zilikuwa na haki ya zamani ya kujitungia sheria juu ya watu wao: nani arithi, nani aoe wapi, mali ya ukoo igawanywe vipi au isigawanywe, nani asimamie yatima, nani aadhibiwe na mkuu wa ukoo. Brandenburg, nchi mama ya Prussia, ilikuwa na agizo la namna hiyo tangu 1473, lililomtaka mwana mkubwa airithi nchi ikiwa nzima. Mabunge yalipokuja katika karne ya 19, sheria hizi zilibaki kuwa mambo ya ndani ya ukoo. Kwa watawala wa Meiji waliokuwa wameahidi bunge kufikia 1890 huku wakiliogopa, hilo lilikuwa jibu la haja yao: mjadala wa nani awe mfalme usifike kamwe mbele ya wabunge.

Ibara kwa ibara

Weka Katiba ya Prussia ya 1850 kando ya maandishi ya Japani. Ibara ya 53 ya Prussia inasema taji hurithiwa, kwa kufuata sheria za nyumba ya kifalme, katika nasaba ya kiume, kwa haki ya kifunguamimba na kwa mfuatano wa mistari ya kuumeni. Ibara ya 2 ya Katiba ya Meiji inasema kiti hurithiwa na wazawa wa kiume wa kifalme kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba ya Kifalme. Mjengo ni mmoja: katiba inataja jinsia ya mrithi, halafu inamwelekeza msomaji kwenye sheria nyingine. Ibara ya 54 ya Prussia inamfanya mfalme kuwa mtu mzima akitimiza miaka 18. Ibara ya 13 ya sheria ya Japani inaweka miaka 18 kwa mfalme na mrithi wake, wakati wanaukoo wengine wanangoja hadi 20.

Kwenye ukaimu wa ufalme ndiko tofauti zinakofundisha zaidi. Ibara ya 56 ya Prussia inasema mfalme akiwa mtoto, au akizuiwa na jambo la kudumu asiweze kutawala, ndugu wa kuumeni aliye karibu zaidi na taji ashike ukaimu, na mara moja aliite bunge, ambalo mabaraza yake mawili yatakaa pamoja kuamua kama ukaimu unahitajika. Japani ilichukua sababu hizohizo mbili, utoto na kizuizi cha muda mrefu. Bunge ililitoa. Uamuzi ukapewa Baraza la Ukoo wa Kifalme na Baraza la Ushauri la Mfalme. Kisha ibara ya 74 ya Katiba ya Meiji ikaweka kufuli la mwisho: mabadiliko ya Sheria ya Nyumba ya Kifalme hayahitaji kupelekwa bungeni. Prussia yenyewe haikufika huko.

Upande mwingine, Japani ililegeza mahali Prussia ilipokaza. Prussia ilitaka kaimu awe ndugu wa kuumeni. Ibara ya 21 ya Japani iliwaorodhesha, baada ya wanaume wa ukoo, malkia, mama wa mfalme, bibi wa mfalme, na mabinti wa ukoo, kwa sharti la ibara ya 23 kwamba mwanamke huyo asiwe na mume. Huo ni mwangwi wa Go-Sakuramachi na wenzake, umeshushwa kutoka kiti hadi ukaimu. Maelezo rasmi ya Itō ya mwaka 1889 yaliwaeleza wanawake waliotawala zamani kwa namna hiyohiyo, kwamba walikuwa wakishikilia kwa muda. Kwa Suiko, aliyetawala kuanzia 592 hadi 628, maelezo hayo ni membamba mno. Miaka 36 si ya kushikilia.

Inafaa pia kukumbuka kwamba Ujerumani haikuwa na kanuni moja juu ya wanawake. Prussia iliwafungia nje. Bavaria, kwa katiba yake ya 1818, iliruhusu urithi upitie kwa wanawake pale wanaume wa kuumeni watakapokwisha, na hiyo ndiyo hasa mpangilio wa rasimu ya Tokyo ya 1886. Hannover pia ilitaka mwanamume kwanza, ndiyo maana mwaka 1837 Victoria alirithi Uingereza huku Hannover ikienda kwa ami yake Ernst August. Mwenye kutaka mfano wa Kijerumani angeweza kuchukua wa Bavaria na rasimu ya wizara ingesimama. Waliochagua walijua wanachagua.

Inoue na hoja ya jina

Aliyeipindua rasimu ya 1886 ni Inoue. Katika waraka alioupeleka kwa Itō hakuanza na Wajerumani. Alinukuu mjadala wa hadhara wa 1882 wa chama cha Ōmeisha, ambapo Shimada Saburō na Numa Morikazu walibisha dhidi ya mwanamke kutawala. Yaani hoja zilizomsaidia mtumishi wa serikali zilitoka kwa wapinzani wa serikali, waliberali waliotaka bunge. Walisema jamii inamweka mume juu ya mke, hivyo mume wa mfalme mwanamke ataonekana kuwa juu ya mfalme, naye atapenyeza mkono wake katika utawala.

Hoja ya Inoue mwenyewe ilikuwa ya jina. Mwanamke wa kifalme akiolewa na mtu wa ukoo wa Minamoto, alisema, mtoto wao atakuwa Minamoto, na akirithi, kiti kimeondoka kwenye ukoo mmoja na kuingia mwingine. Hapa ndipo msamiati wa kuumeni wa Ulaya ulipomfaa, kwa sababu huko nyumba ya kifalme hubadilika jina taji linapopita kwa mwanamke. Udhaifu wa hoja ni kwamba ukoo wa kifalme wa Japani hauna jina la ukoo kabisa. Wanaoingia kwenye ukoo huliacha lao. Sheria ingeweza kusema kwa sentensi moja kwamba mume wa mfalme anaingia kwenye nyumba ya mkewe, kama familia za kawaida za Japani zilivyofanya, na zinavyofanya, kwa mkwe anayeasiliwa. Lakini ibara ya 42 ilipiga marufuku kuasili. Milango hiyo miwili ilifungwa pamoja, na kila mmoja uliukaza mwingine.

Takanawa, 20 Machi 1887

Siku hiyo, katika nyumba ya Itō huko Takanawa, walikaa Itō Hirobumi, Inoue, katibu Itō Miyoji na Yanagihara Sakimitsu. Rasimu iliyojadiliwa ilikuwa ya Yanagihara, mtu wa familia ya kikabaila ya Kyoto. Ilisema mfalme hukaa kitini maisha yake yote, isipokuwa kwamba akipatwa na ugonjwa mzito usiopona wa akili au wa mwili, anaweza kumwachia mrithi baada ya mashauriano.

Itō Hirobumi alikataa. Kwa maoni yake, aliyetawazwa hawezi kuondoka kwa kupenda kwake, na kwa maradhi ukaimu unatosha. Inoue akamjibu kwa kumtaja Bluntschli, mwanazuoni mzaliwa wa Zürich aliyefundisha Heidelberg, ambaye maandiko yake yalisomwa sana Tokyo: hata mfalme ni binadamu, asipotaka tena kiti anaweza kukiacha. Itō hakubadilika. Ibara ya 10 ikatoka ikisema tu kwamba mfalme akifariki, mrithi anapanda. Neno la kung'atuka halimo, na kutokuwemo kwake ndiko kulikokataza.

Sababu ya Itō ilikuwa ya kisiasa na ilieleweka. Historia ilikuwa imejaa wafalme waliosukumwa kando na mabwana wenye nguvu, na wafalme wastaafu walioendesha nchi nyuma ya pazia. Mfalme anayeweza kung'atuka ni mfalme anayeweza kung'atuliwa. Ila hiyo ni sababu ya Kijapani iliyojibiwa kwa uzoefu wa Kijapani. Ukiiita mkopo kutoka Ujerumani, mkutano wenyewe unakupinga.

Njia mbili zilizobaki

Walioandika sheria hii hawakuwa wazembe. Walijua kanuni ya kuumeni hula wanaume, na wakahakikisha ugavi. Ibara ya 4 ilimruhusu mwana wa suria kurithi pale tu wana wa malkia wasipokuwepo. Bila ibara hiyo nyumba kuu isingekuwa na mrithi siku sheria ilipopitishwa. Malkia wa Meiji hakuzaa. Watoto 15 wa mfalme wote walizaliwa na masuria, na kati ya wana watano alibaki hai mmoja, Yoshihito, aliyezaliwa 1879 na baadaye kuwa Mfalme Taishō. Mama yake alikuwa Yanagihara Naruko, dada yake Sakimitsu. Mwandishi wa rasimu alikuwa mjomba wa mrithi.

Njia ya pili ilikuwa matawi. Sheria ya 1889 iliwaacha wazawa wote wa kuumeni kuwa wanaukoo milele, hata vizazi vikienda mbali. Gharama ikapanda, na nyongeza ya 1907 ikaruhusu wana wa matawi kushushwa kuwa makabaila. Nyongeza hiyo ilirekebisha pia kasoro iliyotokana moja kwa moja na dhana ya sheria ya nyumba. Kwa kuwa ya 1889 ilihesabiwa kuwa jambo la ndani ya ukoo, haikutangazwa rasmi wala kusainiwa na mawaziri. Swali likawa inawezaje kuzibana mahakama na raia. Ya 1907 ilitangazwa kama sheria, pamoja na saini za mawaziri.

Mlango wa Itō ulipimwa mapema. Taishō alipodhoofika hakuweza kung'atuka. Mwanawe Hirohito aliushika ukaimu kuanzia 25 Novemba 1921 hadi kifo cha baba yake tarehe 25 Desemba 1926. Huo ndio utaratibu alioupitia Friedrich Wilhelm IV wa Prussia, ambaye nduguye Wilhelm alikuwa kaimu kutoka 1858 hadi 1861. Ulifanya kazi, kwa gharama ya kumweka mgonjwa kitini miaka mitano. Hirohito mwenyewe alikataa masuria, na mkewe alizaa mabinti wanne kabla ya Akihito kuzaliwa Desemba 1933. Njia ya kwanza ilikuwa imekwisha kwa desturi kabla ya kuisha kwa sheria.

Mwaka 1947 umbo la Kijerumani lilivunjwa. Ibara ya 2 ya katiba mpya inasema kiti hurithiwa kwa mujibu wa Sheria ya Nyumba ya Kifalme iliyopitishwa na Bunge. Kufuli la ibara ya 74 likatoka, na sheria ya ukoo ikawa sheria ya kawaida ambayo wabunge wanaweza kuibadili. Ila vilivyokuwemo vilihamishwa karibu vyote: mwanamume wa kuumeni katika ibara ya 1, kurithi kwa kifo tu katika ibara ya 4, marufuku ya kuasili katika ibara ya 9, binti kuondoka kwenye ukoo akiolewa na raia katika ibara ya 12. Wakati huohuo zile njia mbili za ugavi zilizibwa. Ibara ya 6 ilihesabu watoto wa ndoa peke yao, na tarehe 14 Oktoba 1947 matawi 11 yenye watu 51 yaliondolewa kwenye ukoo. Masuria hakuna wa kuwatamani. Kosa la watunga sheria wa 1947 ni kuziba ugavi huku wakiiacha kanuni iliyouhitaji.

Matokeo yalikuja kwa hesabu. Kuanzia 30 Novemba 1965 alipozaliwa Fumihito, Mwanamfalme Akishino, hadi 6 Septemba 2006 alipozaliwa Hisahito, hakuzaliwa mtoto wa kiume katika ukoo wote. Novemba 2005 jopo la waziri mkuu Koizumi lilipendekeza kifunguamimba arithi bila kujali jinsia. Kuzaliwa kwa Hisahito kukasitisha. Mfalme Akihito alipotaka kupumzika, ilibidi Bunge litunge sheria maalumu mwaka 2017, ya mara moja tu, na akaondoka kitini 30 Aprili 2019, wa kwanza tangu Kōkaku.

Kufikia 2025 warithi ni watatu: Akishino, mwanawe Hisahito, na Mwanamfalme Hitachi, nduguye Akihito, aliyezaliwa 1935. Aiko, mtoto pekee wa mfalme, hayumo. Jopo la 2021 lilipendekeza mabinti wabaki ndani ya ukoo baada ya kuolewa, na wanaume wa matawi yaliyoondolewa 1947 waasiliwe. Pendekezo la pili lingefungua mlango wa ibara ya 42 kwa watu ambao babu yao wa kuumeni wa pamoja na mfalme ni Sadafusa wa Fushimi, aliyefariki 1456. Lingehitaji wabunge kurekebisha ibara ya 9. Rasimu ya 1886 ingehitaji warekebishe ibara ya 1 na ya 12. Zote tatu zimo mikononi mwa bunge lilelile ambalo Iwakura na Inoue, mwaka 1881, walikusudia lisiziguse.